Kompyuta na Usanifu wa Mji: Mfano wa Goma, 2002–2021

Historia ya matumizi ya kompyuta katika utafiti wa usanifu huanzwa mara nyingi katika maabara za Marekani. Hutajwa programu ya Sketchpad ya Ivan Sutherland (1963), na kitabu cha Christopher Alexander cha mwaka 1964, ambamo mahitaji 141 ya kijiji kimoja cha India yaligawanywa katika mafungu kwa njia ya hisabati. Baadaye Alexander aliikana njia hiyo iliyompatia sifa. Makala haya yanaangalia Goma, ambako kompyuta iliulizwa swali zito zaidi: watu wakae wapi?

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Nyufa zilifunguka ubavuni, lava ikaingia mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kulipita eneo la biashara hadi Ziwa Kivu. Mtaa wa Katindo uko magharibi mwa njia hiyo.

Mwaka 2009 watafiti wa Italia, miongoni mwao Favalli na Chirico, walichapisha makala mawili katika jarida la Bulletin of Volcanology. La kwanza lilikadiria njia za lava kwa programu iitwayo DOWNFLOW. Programu hiyo huifuata miteremko mikali, kisha hurudia hesabu mara nyingi sana, kila mara ikibadilisha kidogo vimo vya ardhi kwa kubahatisha. La pili ndilo hasa la usanifu. Matuta ya kinga yaliongezwa juu ya ramani ya kidijiti. Mahali, ukubwa, umbo na mwelekeo wake vikabadilishwa. Hesabu zikafanywa yakiwapo na yasipokuwapo. Jawabu lilikuwa kwamba Goma ya mashariki haiwezi kukingwa, hivyo ihamwe, na kwamba matuta mawili yangeweza kuusalimisha mji uliobaki kwa kuizuia lava ndani ya eneo hilo la mashariki.

Tuseme wazi maana yake: sehemu moja ya mji ingegeuzwa mfereji kwa ajili ya nyingine. Mtu wa upande wa Katindo angesoma pendekezo hilo kwa moyo tofauti na jirani yake wa mashariki, ambaye alikuwa amekwisha kujenga tena juu ya lava, pengine kwa mawe ya lava hiyohiyo. Umbali wa soko na haki ya kiwanja si vimo vya ardhi, na programu ya lava haivisomi.

Kulikuwa na sharti jingine. Usalama ulioahidiwa ulihusu lava inayotoka nje ya mipaka ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka tena, na lava ikakoma upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Matetemeko yakaendelea. Tarehe 27 Mei serikali ya jimbo iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe, kwa kuhofia magma iliyokuwa chini ya mji wenyewe na chini ya ziwa. Hofu ilikuwa ya jambo lilelile ambalo mchoro wa 2009 uliliweka kando, na watafiti walikuwa wamelisema sharti hilo waziwazi.

Hapo pana somo zuri kwa darasa la usanifu au mipango miji. Mwanafunzi apewe makala hayo mawili pamoja na orodha ya mitaa 10, kisha aulizwe ni nini kilichoamuliwa kabla kompyuta haijawashwa. Katindo haikuwamo katika orodha hiyo. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka Goma siku zile, wengine wakielekea Sake, wengine wakivuka mpaka kuingia Rwanda.