Mpaka Ulio Mlimani: Historia ya Uvimbe wa Taya Uganda

Nilipokuwa shule ya msingi Bwera, ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alianza kulegea meno upande mmoja. Aling'olewa jino, lakini taya likazidi kuvimba. Majirani wakasema amerogwa. Alipofikishwa Kampala, ugonjwa ukapewa jina: limfoma ya Burkitt. Alitibiwa, akapona. Lakini mama mdogo, aliyezaliwa Mahango juu mlimani, alibaki na swali: mbona kwao hakuwahi kuuona ugonjwa huu? Katika insha hii naonyesha kwamba swali lake ndilo lililoijenga historia ya ugonjwa wenyewe.

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika Hospitali ya Mulago mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwa wa kwanza kuuona uvimbe huo. Albert Cook wa Hospitali ya Mengo alikuwa ameacha michoro yake miongo kadhaa kabla. Jambo jipya ni kwamba Burkitt aliuliza watoto hawa wanatoka wapi.

Mwaka 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari majuma 10, maili karibu 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika. Ramani yao ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa huonekana kwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Ikweta inapita wilayani kwetu Kasese, na mpaka huo unapanda na kushuka katika miteremko ya Rwenzori, kati ya Bwera na vijiji vya juu. Ni mpaka wa joto, mvua na mbu.

Ramani hiyo iliwafanya watafiti watafute kiini. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza virusi walivyoviona London katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda. Hata hivyo, watu wengi duniani hubeba virusi hivyo bila kuugua. Mwaka 1982 jibu jingine lilipatikana ndani ya jeni. Katika seli hizi, jeni iitwayo myc, ambayo huamuru seli kukua, huhama kutoka kromosomu ya 8 na mara nyingi hujipachika kwenye ya 14, kando ya jeni za kingamwili ambazo hazipumziki. Amri ya kukua haizimwi tena. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli hizo kukatakata jeni zake, na virusi huzisaidia zisife. Seli huzaliana, huvamia mfupa wa taya, na meno hukosa pa kushika.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Kungoja majuma mawili baada ya kung'oa jino ni kungoja sana. Lakini seli zinazokua haraka pia huuawa vizuri na dawa, na Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, imewatibu watoto hawa tangu mwanzo.

Vitabu vimehifadhi majina ya madaktari. Wazazi waliojibu swali la "mnatoka wapi?" hawatajwi, ingawa bila majibu yao ramani isingechorwa. Mama mdogo nilimweleza haya likizo iliyopita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hakuna aliyemroga."