Mashindano ya roboti: siku timu ya wakimbizi ilipoingia uwanjani

Leo tukumbuke historia ya mashindano ambayo vijana wa sekondari wanashindana kwa mashine walizojitengenezea.

Mvumbuzi Mmarekani, Dean Kamen, alianzisha shirika la FIRST mwaka 1989. Alitaka sayansi ishangiliwe kama mpira. Mwaka 1992 timu 28 zilikutana katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya Manchester, New Hampshire. Huko ndiko mashindano yalikoanzia.

Julai 2017 shirika jingine la Kamen, FIRST Global, liliita dunia nzima Washington. Zilifika timu za nchi zaidi ya 150, na kila timu ilikuwa imepewa vifaa vya aina moja. Kazi ya roboti ilikuwa kutenganisha mipira: ya buluu ni maji safi, ya rangi ya chungwa ni uchafu. Anayepanga foleni na bidoni kila asubuhi anaelewa kwa nini walichagua maji. Timu zilicheza tatu kwa tatu, na kila mchezo ulibadilisha washirika. Mpinzani wa asubuhi aliweza kuwa mwenzako mchana, kwa hiyo kumsaidia kutengeneza roboti yake hakukuwa hasara.

Kati ya timu zilizoshiriki, ilikuwepo moja isiyobeba bendera ya nchi. Iliitwa Team Hope, ya vijana wakimbizi wa Siria. Walicheza kwa kanuni zile zile na kuhesabiwa pointi kama wengine.

Lakini vita na mipaka viliwafuata vijana hadi huko. Wasichana wa Afghanistan walinyimwa visa mara mbili, wakaruhusiwa dakika za mwisho, wakarudi na medali ya fedha kwa ujasiri. Mwaka 2021 Taliban waliporudi madarakani, baadhi ya wasichana wa timu hiyo walikimbilia Qatar. Nao vijana sita wa jirani zetu Burundi hawakurudi nyumbani baada ya mashindano ya Washington. Polisi walisema wawili walionekana wakivuka kuingia Kanada.

Roboti haizimi vita. Hata hivyo, Team Hope ilionyesha kwamba aliyepoteza nyumba hajapoteza akili yake. Mzazi, ukimkuta mtoto amefungua redio iliyokufa ili aone ndani, usimpige. Muulize ameona nini.