Dumuzi

Dumuzi (Prostephanus truncatus) ni mdudu mgumu wa kahawia iliyokoza, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4.5, anayetoboa mahindi na makopa ya muhogo ghalani. Wengi humwita Skania. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Nchini Tanzania alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea Kenya na kwingineko.

Ni hatari kuliko fukusi, kwa kuwa hustawi hata kwenye nafaka kavu, na hutafuna mbao za kihenge. Dalili yake ni unga mwingi chini ya gunia. Jike hutaga ndani ya vishimo anavyochimba. Kwenye joto la nyuzi 32, kizazi kipya hukomaa kwa takriban wiki nne.

Mahindi yapukuchuliwe mapema, maana akiyakuta kwenye magunzi huyaharibu zaidi. Yakaushwe vizuri, ghala lisafishwe, mabaki ya zamani yaondolewe kabisa. Mifuko isiyopitisha hewa humuua kwa kukosa oksijeni, lakini aweza kuitoboa, hivyo ikaguliwe mara kwa mara. Nyumbani, pipa la chuma lenye mfuniko uliobana ni kinga bora zaidi.