Deni la Shall

Desemba 2012, miezi mitatu hivi kabla ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa maoni yake kuhusu neno la Kiingereza lenye herufi tano. Aliyepeleka swali ni Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai. Katiba ya 2010, kifungu cha 81(b), imeweka kanuni kwamba katika chombo chochote cha umma kinachochaguliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kitenzi kinachobeba kanuni hiyo kwa Kiingereza ni shall. Sasa, hiyo shall ilikuwa inamaanisha Bunge la Machi 2013, ama ilimaanisha twende pole pole, tukifika tumefika?

Majaji wengi walisema pole pole. Kwa maoni yao, shall huwa amri ya papo hapo pale tu kazi yenyewe iko tayari kufanywa bila matayarisho mengine. Kanuni ya jinsia haikuwa kazi ya aina hiyo, kwa hivyo serikali ikapewa hadi tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake, wanawake hawakuandikiwa ahadi ya kungojewa.

Shule ya msingi ilinifundisha shall pamoja na ndugu zake: can, may, must, will. Vitenzi visaidizi, tukaambiwa. Ukitaka kwenda msalani ulisimama ukaomba kwa may, maana ukithubutu kutumia can, mwalimu angekujibu, "Sijui kama unaweza, wewe ndio unajua," darasa likacheka na wewe ukabaki umebana miguu. Nafikiri Wakenya wengi wa rika langu wana hadithi kama hii. Tulifundishwa vitenzi hivi kama adabu, kitu cha kumfurahisha mtu mkubwa. Hakuna aliyetuambia kwamba vinaamua nani anamwamuru nani.

Na vimekuwa vikiamua hivyo kwa muda mrefu. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, can ilikuwa na maana ya kujua. May ilikuwa kuwa na nguvu. Will ilikuwa kutaka. Must, ambayo leo ndiyo kali kuliko zote, imetokana na kitenzi kilichomaanisha kuruhusiwa. Yaani ruhusa ilizeeka ikawa lazima, jambo ambalo yeyote aliyewahi "kuruhusiwa" na bosi kufanya kazi Jumapili ataelewa haraka. Shall nayo ilikuwa kitenzi cha deni. Ukisema sceal ulikuwa unasema nadaiwa. Wajerumani bado wana binamu yake, Schuld, na kwao neno hilo moja ni deni na pia ni hatia.

Kutoka deni, shall ikateleza ikawa wajibu, na kutoka wajibu ikateleza tena ikawa wakati ujao tu. Si ajabu. Hata sisi, mtu akisema "nitakulipa mwisho wa mwezi," hujui kama umepewa ahadi ama umesomewa utabiri wa hali ya hewa.

Mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis, yule yule aliyetuachia alama ya ukomo inayofanana na nane iliyolala, aliandika sarufi ya Kiingereza, tena kwa Kilatini. Ndani yake akapanga shall na will kwa nafsi. Nikijizungumzia mimi mwenyewe, shall inatabiri tu, na will ndiyo inayoahidi au kutisha. Nikikuzungumzia wewe, au yule pale, mambo yanageuka: will inatabiri na shall inaamuru. Waingereza wenyewe hawakuifuata sana kanuni hiyo mitaani, lakini vitabu vya shule viliibeba kwa karne nyingi, na nakala zake zikapanda meli zikaja huku.

Huku zilikuta sheria za kikoloni tayari zinaongea lugha hiyo, na mgawanyo wake haukuwa na siri. Gavana alipewa may: anaweza kutenga ardhi, anaweza kutangaza, anaweza kusamehe. Mwafrika alipewa shall. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 kutembea na kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Askari hakumuuliza mtu kama kazi hiyo ilihitaji matayarisho zaidi. Shall ya kipande ilikuwa ya papo hapo, na ukipatikana bila kipande ulijua siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana maoni ya 2012 yananikereketa. Neno ni lile lile. Likimlenga mnyonge linauma mara moja, na likiilenga serikali linakuwa na falsafa.

Agosti 2015 ilifika. Bunge likajiongezea mwaka mmoja. Agosti 2016 nayo ikapita. Machi 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu akalipa Bunge siku 60, na 2019 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Mswada wenyewe ulihitaji kura 233 kati ya 349, na waheshimiwa wakagundua njia rahisi kuliko kuupinga: kutofika. Februari 2019 ulianguka tena kwa sababu viti vilikuwa vitupu.

Basi tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga akafungua kifungu cha 261(7). Kinasema kwamba Bunge likishindwa kutunga sheria iliyoagizwa na mahakama, Jaji Mkuu shall amshauri Rais alivunje, na Rais shall alivunje. Shall mbili katika sentensi moja, zote za nafsi ya tatu. Hata kwa sarufi ya Wallis ya 1653, hiyo ni amri. Maraga aliilipa shall yake kwa barua. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, Rais Uhuru Kenyatta hakuvunja kitu, na wabunge wakamaliza muhula wao. Bunge lililochaguliwa Agosti 2022 pia halikufikisha theluthi ya wanawake.

Wengine hawakutaka kubahatisha. Afrika Kusini iliandika Katiba yake ya mpito ya 1993 kwa shall. Ilipofika ile ya 1996, shall ilikuwa imeondolewa na must ikakaa mahali pake. Sisemi must ingewaleta wabunge wetu ukumbini, watu wakiamua kukwepa watakwepa hata lazima. Lakini wangekwepa mchana.

Nimejaribu mchezo huu na marafiki: tafsiri ile sentensi ya 261(7) bila kufikiria sana. Wengi huandika "Rais atavunja Bunge," na papo hapo ule ulegevu wote wa shall unahamia kwenye -ta-. Mmoja aliandika "ni lazima Rais avunje Bunge." Lazima ina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushikamana na kitu, kung'ang'ania. Mwingine, wakili, akasema sharti, kisha akaanza kubishana na huyo wa lazima, na chai ikapoa.

Ubishi wao hauna uzito mbele ya mahakama, kwa bahati mbaya. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini 259(2) kinasema matoleo ya lugha mbalimbali yakigongana, la Kiingereza ndilo linashinda. Nilikisoma mara mbili nikitafuta shall. Haimo. Kitenzi ni prevails, cha wakati uliopo.