Merikebu Iliyofichika katika Misemo ya Kiingereza

Huenda, msomaji, umepata kupewa orodha ndefu ya misemo ya Kiingereza, ukaambiwa uikariri pamoja na maana zake. Kazi hiyo huchosha, kwa kuwa orodha haisemi maana hizo zilitoka wapi. "Taken aback" ni kupigwa na bumbuazi. Lakini katika maneno hayo mawili bumbuazi li wapi? Yatupasa kulitafuta baharini.

Merikebu za vita za Waingereza katika karne ya 18 zilikuwa na milingoti mitatu na matanga ya mraba, yaliyojazwa na upepo wa nyuma au wa ubavuni. Upepo ulipogeuka ghafula ukayapiga kwa mbele, matanga yaligandamizwa milingotini, chombo kikasimama au kikarudi kinyumenyume, na pengine mlingoti ukavunjika ukaanguka juu ya watu. Hali hiyo ndiyo iliyoitwa "taken aback". Baadaye msemo ukashuka pwani, na sasa hutumiwa hata kwa mtu aliyepokea barua asiyoitazamia.

Vivyo hivyo "by and large", yaani kwa jumla. Kwa baharia, "by" ilikuwa kwenda karibu na kule upepo utokako, kama afanyavyo nahodha abishapo. "Large" ilikuwa kusukumwa na upepo wa nyuma. Chombo kilichoweza yote mawili kilifaa kwa kila hali.

Na kamba je? Victory, merikebu aliyoipanda Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, ilikuwa na kamba za urefu upatao kilomita 42. Kijana mgeni aliyefungua kamba isiyo yake, usiku, katika tufani, aliweza kuwaponza wenzake wote. Basi "to know the ropes" ni kuijua kazi barabara. "Keel over" ni wazi zaidi: chombo kimepinduka hata mkuku ukaonekana, leo husemwa pia juu ya mtu aliyeanguka ghafula.

Lakini si kila msemo unaodaiwa kuwa wa baharini ni wa baharini kweli. Wapenda bahari hupenda kujitwalia.

Nasi Waswahili tunayo yetu. Mrama ni kuyumba kwa chombo katika mawimbi, ila mambo huenda mrama hata kwa mtu asiyepata kupanda jahazi. Na mashindano ya kandanda hung'oa nanga Kakamega, mbali kabisa na maji ya chumvi.