Gita Lililokitangulia Kinanda

Anayenunua kinanda cha kisasa chenye midundo yake ndani, kile ambacho mkono wa kushoto ukishika sauti chache kwa pamoja tu, ngoma, besi na gita hufuata vyenyewe, hukuta orodha ndefu ya mitindo iliyopangwa na mafundi wa Japani au Italia: bosanova, rumba, waltz, swing, na ile jazi laini ya Kimarekani inayopigwa kwenye kumbi za hoteli. Chakacha, ngoma ya pwani yetu, haimo. Kutokana na upungufu huo, wapenzi wengi wa taarabu ya zamani wamehukumu kwamba mtambo huu ndio ulioufisha muziki wa pwani, kwa kuwafanya wapigaji watafute mahadhi yao katika kabati la watu wengine. Hukumu hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini inakosea tarehe. Mambo yanayolaumiwa kinanda yalifanyika Tanga miaka mingi kabla hakijafika, yakafanywa kwa gita, na walioyafanya ndio hao hao ambao leo tunawasifu kuwa wakongwe.

Tanga haukuwa mji wa muziki mmoja. Reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1893, bandari, na hasa mashamba ya mkonge, vilileta watu kutoka kila upande wa bara, nao walikuja na ngoma zao. Bendi ya Young Nyamwezi, iliyokuja kuitwa Jamhuri Jazz, inatangaza asili hiyo kwa jina lake la kwanza. Atomic Jazz ilikuwa hasimu wake katika mji huo huo. Bendi hizi zilijiita za jazi, ila zilichokipiga zaidi ni rumba, iliyoenea Afrika kwa santuri za GV zilizobeba muziki wa Kuba na kuuzwa na kampuni ya His Master's Voice tangu miaka ya 1930. Vijana walizisikiliza, wakayashika mapigo yake, wakatia maneno ya Kiswahili. Kuchukua mdundo uliotengenezwa ng'ambo na kuuimbia mambo ya nyumbani, basi, ilikuwa kazi ya kawaida Tanga wakati kinanda cha aina hii hakijatengenezwa bado.

Kisha miaka ya 1960 Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, wakaipeleka tabia hiyo kwenye taarabu yenyewe. Unguja, Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture Musical Club ya 1958 walikuwa na safu kubwa za fidla, udi na ganuni. Watanga walipunguza kundi, wakaweka gita la umeme, gita la besi na ngoma za mkono, wakaazima mwendo wa dansi. Sauti ya Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, ilipanda juu ya mapigo ambayo mcheza dansi wa Atomic asingepata taabu kuyafuata. Mtindo huo ulienea Mombasa na hata Burundi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 GlobeStyle ya London ikatoa mkusanyo wa vikundi hivyo viwili uitwao Nyota. Jambo moja linapitwa mara nyingi. Shingo ya gita ina vyuma vinavyokata sauti katika nafasi zisizobadilika, ilhali fidla na udi havina. Mpigaji wa fidla au udi anaweza kuteleza hadi kwenye zile robo toni za maqamu za Kiarabu. Anayesema kinanda kilizifunga robo toni aanze na gita la Tanga. Na sijaona anayelilaumu.

Mtambo wenyewe una historia ndefu kidogo. Wurlitzer wa Marekani waliuza kisanduku chao cha midundo, Sideman, mwaka 1959. Casio wakaleta Casiotone mwaka 1980, na vinanda vya bei nafuu vikaanza kutapakaa duniani. Hapa kwetu nafasi ilifunguka biashara ilipolegezwa wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, na miaka ya 1990 ikawa ya vikundi vya taarabu vya East African Melody, Muungano na TOT, kisha Jahazi ya Mzee Yusuf mwaka 2006. Hapo ndipo pingamizi lenye uzito linapokuja: kinanda kimoja kilichukua riziki ya mpiga besi, mpiga tumba na mpiga fidla. Ni kweli, na si jambo dogo. Hata hivyo kundi la watu wengi lilihitaji mlezi, yaani chama, jeshi au shirika lenye fedha za kununua vyombo; harusi ya mtaani haikuweza kulibeba. Kinanda kilipunguza ajira za wapigaji, kikabakiza shughuli yenyewe.

Pingamizi la pili, kwamba midundo ya kiwandani inafanya nyimbo zote zifanane, lataka jibu makini zaidi. Mdundo wa kiwandani haumfungi mtu mwenye sikio: Jamaika mwaka 1985, wimbo wa Wayne Smith, Under Mi Sleng Teng, ulijengwa juu ya mdundo uliokuwamo tayari ndani ya Casio MT-40, ukageuza mwelekeo wa rege. Dar es Salaam, wapigaji wa muziki wa mchiriku kama Jagwa walikichukua kinanda kidogo cha Casio, wakakipitisha kwenye vipaza sauti vikali na kukizungushia ngoma. Mpigaji wa Tanga anayetaka kusindikiza wimbo wa taratibu wa mahaba ana sababu nzuri ya kuchagua bosanova au jazi laini, akazima saksofoni na vikorombwezo, akabakiza besi na kayamba. Bosanova ilizaliwa Rio kutokana na samba, rumba ikatoka Kuba, na zote mbili zina mizizi kwa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Si ajabu zikakubaliana na Black Star.

Lakini zinakubaliana na upande wa dansi tu. Chakacha na jamaa zake huenda kwa mapigo ya tatu tatu yanayopishana na ya mbili mbili, na jazi laini, yenye hesabu ya nne, haiwezi kuyabeba hata ukiipunguza mwendo vipi. Hapo ndipo lawama ilipo na haki: kinanda kimerithi nusu moja ya Tanga na kuiacha nyingine nje ya orodha. Kuiingiza si muujiza, kwani vinanda vingi vya daraja la kati huruhusu mwenyewe kupanga mdundo wake na kuuhifadhi. Wenye vinanda hivyo Tanga, Pangani na Muheza wawaite wapiga ngoma, wapange mapigo yao sehemu kwa sehemu, na wawalipe.