Uzi: Uswisi haikuunganishwa na lugha moja

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, lazima mtu aseme: "Shida yetu ni makabila mengi na lugha nyingi." Mwingine anajibu: "Mbona Uswisi wako sawa?" Jana nimeona wawili wakitupiana hayo hadi usiku. Wacha niweke historia mezani.

2/ Uswisi ni nchi ndogo, kilomita za mraba kama 41,000, haina bahari. Ina majimbo 26, wao huyaita kantoni, na lugha nne za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Hicho cha mwisho kina wasemaji chini ya asilimia 1, na bado wananchi walikipigia kura kiwe lugha ya taifa mwaka 1938.

3/ Lakini si ati walizaliwa wakipendana. Novemba 1847 walipigana wao kwa wao. Kantoni 7 za Kikatoliki zilikuwa zimeunda muungano wao, zikikataa serikali kuu yenye nguvu. Vita viliisha chini ya mwezi mmoja, wakafa watu kama 100.

4/ Angalia vizuri: mgawanyiko haukufuata lugha. Kwa walioshindwa kulikuwa na wa Kijerumani na wa Kifaransa. Ticino, Wakatoliki wanaosema Kiitaliano, walisimama na upande wa pili. Kilichogombaniwa ni dini na mamlaka.

5/ Katiba ikaja 1848. Kantoni zikabaki na madaraka mengi, serikali kuu ikapewa mawaziri 7. Hapa ndipo wengi huruka sehemu chungu: washindi walichukua viti vyote 7, wakavikalia hadi 1891. Miaka 43!

6/ Nini kiliwalainisha? Si huruma. Kuanzia 1874, raia wakikusanya sahihi 30,000 waliweza kupeleka sheria ya bunge kwenye kura ya maamuzi. Walioshindwa waliitumia kuangusha sheria hadi wakapewa kiti cha kwanza. Tangu 1959 vyama vinne vikubwa vikagawana viti vyote, na urais huzunguka, mwaka mmoja mmoja.

7/ Na msiwasifu kupita kiasi. Wanawake wao walipata kura ya kitaifa 1971. Kina mama wa Kenya walikuwa wameshapiga 1963.

8/ Kwa hivyo mtu akikuambia suluhisho ni nusu mkate, muulize swali moja: hicho kiti kinatoka kwa hisani ya mshindi, ama wananchi wana kitu mkononi cha kumlazimisha? Cha hisani hunyang'anywa asubuhi. Hapo sasa tujadiliane, na makabila tuyaache yapumzike.